Betri ya Kipindi cha Kwanza

Harufu ya betri inayochajiwa ni kali, huwasha pua kidogo. Fundi anayechaji betri karibu na meza yangu ya samaki hapa Homa Bay hashangai tena akiniona nikivuka barabara kila anapoanza kazi. Anadhani naringa. Wewe msomaji nitakueleza ukweli, ingawa mama yangu mzazi sijamwambia.

Nilikuwa na miaka kumi, tukiishi Sindo, na siku hiyo ilikuwa fainali ya Kombe la Dunia. Stima ilikuwa imepotea tangu Alhamisi, upepo ulipoangusha nguzo. Ochola, mwenye banda la video, akaamua kuwasha televisheni kwa betri ambazo wavuvi wa omena, wale dagaa wa ziwani, hutumia kwenye taa zao. Alihitaji mbili, na alikuwa na moja. Ya pili nilimlilia Baba kutwa nzima, maana nilikuwa nimeshajigamba kwa wenzangu kwamba itatoka kwetu.

Baba hakuwa mtu wa mpira. Hatimaye alinipa betri, si ile ya taa zinazoelea majini kuvuta omena, bali ile ya taa inayokaa ndani ya mtumbwi.

"Nyathina, mwanangu, hii ni ya kipindi cha kwanza peke yake," aliniambia. "Mapumziko yakifika, toa waya wewe mwenyewe, uniletee. Usingoje kuambiwa."

Kipindi cha pili kilikuwa cha mvuvi mwingine, aliyeahidi kuleta betri yake.

Sijaona tena watu wakikaa vile. Nchi yetu haikuwemo uwanjani, kwa hiyo kila mtu alijichagulia timu kwa sababu zake. Mama mmoja muuza mandazi alishabikia wale waliokuwa na soksi safi. Katekista wa Wakatoliki na mzee wa kanisa letu la Sabato, ambao hawakuwa wamesalimiana tangu ugomvi wa spika za kanisa, walibanana kwenye benchi moja wakigawana njugu. Bao la kwanza lilipoingia walikumbatiana, kisha wakakumbuka kwamba wanashabikia timu tofauti. Nilicheka hadi mbavu zikaniuma. Nilikuwa nimekaa chini, mbele kabisa, kando ya betri, na kila aliyeingia aliambiwa na Ochola kwamba kipindi cha kwanza tusingeona kitu kama si baba yangu.

Mapumziko yakafika, na yule mvuvi hakuonekana. Nilishika waya. Ningeuchomoa, televisheni ingezimika na banda zima lingenigeukia. Watu husema mtoto ni mtoto, husahau. Mimi sikusahau. Niliuachia ule waya, nikapangusa mkono kwenye gauni, nikatazama mpira hadi mwisho.

Nilijiambia hakuna ubaya. Taa ile haikuwa ya kuvuta omena, basi Baba angepata samaki wake kama kawaida, ila angekaa gizani kidogo.

Nilimkuta ufukweni, wenzake wakimhimiza. Aliniuliza mbona nimechelewa.

"Nilitoa waya wakati wa mapumziko, Baba," nikasema. "Nilibaki tu kuangalia."

Alitikisa kichwa, akacheka, akaipakia betri mtumbwini.

Habari zilitufikia asubuhi. Boti kubwa ya mizigo iliwagonga wakirudi kabla ya mapambazuko, taa za omena zikiwa zimeshazimwa na kufungwa. Nahodha alisema hakuona chochote mbele yake. Hapo ndipo nilipojua kazi ya ile taa ya mtumbwini: huwaambia wenye vyombo vingine kwamba hapa kuna watu. Baba alipatikana siku ya tatu, upande wa kisiwa cha Rusinga.

Matangani walikuja wote. Ochola alileta viti vya banda lake. Katekista na mzee wa kanisa walibeba jeneza pamoja. Yule mvuvi aliyeahidi betri alikaa nyuma kabisa, hakugusa chakula. Kisha akasimama Okelo, mwenzake Baba aliyenusurika, akasimulia jinsi taa ilivyofifia mpaka ikazimika, na jinsi Baba alivyomtuliza.

"Alisema betri imezeeka tu," Okelo akasema. "Alisema mtoto wake aliitoa mapema, amemwambia mwenyewe."

Mama alinivuta kwake, akasema mbele ya watu kwamba angalau nilimtii baba yangu. Nililia kwa aibu, na yeye akafikiri ni uchungu.

Watu wale wote walikuwa bandani. Waliiona betri ikifanya kazi hadi filimbi ya mwisho, na hakuna aliyefungua mdomo. Wakati ule nilidhani wananihurumia. Sasa nimekuwa mkubwa, na najua kwamba hata wao walijua ni betri ya nani na ilipaswa kutoka saa ngapi, lakini hakuna aliyetaka mpira uzimwe. Uongo wangu uliwafaa. Mpaka leo, Mama akianza kuwasimulia wageni jinsi nilivyomtii Baba, majirani huitikia kwa kichwa, nami huendelea kumimina chai.