Chupa za Mistari za Toongabbie

Mwezi uliopita nilipanda treni hadi Campbelltown kumtembelea shangazi, safari ya kusinzia na kuzinduka mara mbili. Jikoni kwake nikaiona dirishani: chupa ya buluu, nzito, yenye mistari iliyoinuka ubavuni, ndani imechomekwa ua la plastiki. Shangazi aliniuliza kama nakunywa chai ya maziwa, nami bado naitazama ile chupa. Kimawazo nilikuwa nimerudi Toongabbie, mtaa wa utoto wangu, nina miaka kumi na tatu, na mji umefungwa kwa sababu ya korona.

Wewe pia utakuwa unazikumbuka siku zile. Shule ilikuwa kwenye kompyuta. Mama alikuwa akihudumia wazee kule Westmead, na akirudi anavua nguo za kazi gereji kabla ya kutugusa. Mimi nilishinda na bibi, mama yake baba. Alizaliwa Burundi, akazeekea kambi ya wakimbizi Tanzania, na hakuona sababu ya kukaa bure mahali penye udongo. Tukaanza kulima maharage nyuma ya nyumba, nyumba yenyewe ya kupanga, na jembe likagonga kioo. Tulifukua chupa saba, za buluu na za kijani, na bibi alizifurahia kama mtu aliyeletewa vyombo vya harusi.

Kambini chupa haikutupwa. Leo ni ya mafuta ya taa, kesho ya mawese, keshokutwa ya maziwa ya mtoto, mradi imesuguliwa kwa majivu na mchanga. Hizo saba alizisugua siku mbili. Aliisifu ile mistari, kwamba mkono ukilowa chupa haiponyoki. Kisha akachemsha dawa yake ya tangawizi, malimau, kitunguu saumu na mchaichai, harufu ikaingia mpaka kwenye mapazia.

Desturi moja ya kwao hakuiacha kamwe: anayempa mtu kinywaji huonja yeye kwanza, ili mwenzake anywe bila wasiwasi. Kwa kila chupa alimimina kikombe, akakimaliza, ndipo akaziba. Chupa moja ilienda kwa shangazi, aliyekuwa amejifungia kwake akiugua korona yenyewe. Kaka mmoja wa kanisani aliyekuwa akisambaza vyakula aliibeba. Mimi nilipewa kikombe asubuhi na jioni. Nilikuwa nakimwaga chini ya mlimau.

Jirani yetu alikuwa mama wa Kizungu aliyestaafu kazi ya duka la dawa. Siku ya nne alimwona bibi na chupa mkononi, akauliza kilichomo. Nilipomwambia, alinieleza taratibu kwamba zamani sumu ilitiwa kwenye chupa zenye mistari, ili mtu anayepapasa kabatini ajue kwa vidole. Na nyingine katika sumu hizo watu walizinywa kama dawa, aseniki ya kuongeza nguvu, zebaki ya kusafisha tumbo, kijiko kwa kijiko, kwa agizo la daktari. Kisha akauliza nani kanywa.

Nilizoea kumjibu bibi kwa Kiingereza. Siku hiyo ilibidi nikusanye Kiswahili changu chote. Bibi, aliyekuwa amekunywa vikombe saba, hakuuliza habari zake mwenyewe. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Nimeua mtoto wangu," alisema. "Piga simu."

Shangazi alipokea akikohoa. "Mimi sikunywa, darling," alisema. "Niliimwaga kwenye sinki the same day. Usimwambie bibi, please, ataumia."

Nilimwambia. Ningefanyaje? Bibi alimshukuru Mungu kwa Kirundi, akafuta machozi kwa kitenge. Kisha akaniangalia.

"Kwa nini hakunywa? Mimi nilionja."

Nikampigia simu mama kazini.

Mama alipiga simu kwa watu wanaoshughulikia sumu, wakasema bibi apimwe damu. Bibi alisisitiza nami nipimwe, kwa sababu mjukuu wake alikuwa amekunywa siku zote nne, asubuhi na jioni, bila kubisha. Alilisema hilo kwa fahari, mbele ya mama, na baadaye akamwambia nesi, nami ndiye niliyetafsiri. Nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli. Nikakunja mkono wa shati, nikatolewa damu.

Majibu yetu yalikuja safi. Majivu na mchanga vilikuwa vimefanya kazi yake. Jirani alizichukua zile chupa sita, akazifunga kwenye magazeti, na bibi hakuchemsha dawa tena.

Sasa nyumba ile imebomolewa, zimejengwa mbili mahali pake, na penye maharage pana zege. Jirani alihamia kwa mwanawe. Bibi tulimzika mwaka juzi. Shangazi anasema ile chupa ya dirishani alishindwa kuitupa, na sikumuuliza zaidi, maana yeye, mwenzangu katika kumwaga dawa, angalau alikiri siku ile ile.

Siku hizi nikikohoa nachemsha tangawizi mwenyewe, kwa kipimo cha bibi. Ni kali, inachoma koo. Nakunywa kikombe kizima, hadi mwisho, na kila mara namkumbuka akimwambia nesi kwamba mimi nilikunywa.