Tarumbeta la Elinami

Limau lililokatwa katikati, likachovywa kwenye majivu ya kuni na kusuguliwa juu ya shaba, lina harufu ambayo sijaikuta mahali pengine. Si kali, wala si tamu. Inakaa kwenye vidole mpaka kesho yake, hata ukioga. Mwezi uliopita niliingia chumba cha nyuma cha kanisa letu la mjini kutafuta vitambaa vya madhabahu, nikamkuta kijana wa kwaya ya tarumbeta akisugua chombo chake kwa limau na majivu, kwa sababu dawa ya chupa ilikuwa imemwishia. Aliinuka, akaniamkia, "Shikamoo, mama." Niliitika, kisha nikakaa kwenye benchi bila kusema lililonileta.

"Unajisikia vibaya, mama?"

"Hapana, mwanangu. Endelea na kazi. Ni harufu tu."

Nilipokuwa mdogo kazi hiyo ilikuwa yangu, kila Ijumaa baada ya shule, kwenye kizingiti cha nyumba yetu ya kupanga katika mtaa wa Pasua, Moshi. Baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa, na alirudi jioni na vumbi la maganda kwenye nyusi, akionekana mzee kuliko alivyokuwa. Lakini kanisani alipiga besi, lile tarumbeta kubwa kuliko yote, linalomzunguka mtu kama chatu. Kaka yangu Elinami, aliyenizidi umri kiasi cha kuweza kunibeba mabegani, alipiga dogo, la sauti ya kwanza, ile inayobeba wimbo wenyewe. Mimi nilikuwa msuguaji wa yote mawili, na nilijiona sehemu muhimu ya kwaya.

Baada ya chakula cha jioni baba alikuwa na mchezo wake. Alipuliza besi peke yake, pu, pu, puu, na mimi nilitakiwa kubahatisha ni wimbo gani. Wasioujua mchezo huo hawawezi kuamini ulivyo mgumu. Besi bila sauti ya kwanza ni kama kumwona mtu kwa miguu tu, chini ya pazia. Elinami alikaa pembeni akinicheka.

"Ndeshi, hujui kitu wewe. Huo ni wa Krismasi."

"Si wa Krismasi! Ni ule wa jioni!"

Nikipatia, Elinami alichukua tarumbeta lake akaweka wimbo juu ya besi ya baba, na mama akaacha vyombo akaja kusimama mlangoni. Nikikosea, nilikwenda kulala nimenuna.

Ninyi mnaoijua Moshi ya leo mtanivumilia nikiwaeleza ile ya wakati ule. Maduka yalikuwa yameanza kujaa. Vitu tulivyokuwa tukivisikia kwa wakubwa, sabuni za kunukia, redio za kaseti, viatu vya mitumba vilivyotundikwa kwa kamba zake kama samaki, vilikuwa sasa vimemwagwa barabarani. Na Jumamosi kulikuwa na bendi, ndivyo sisi watoto tulivyoiita kwaya ya tarumbeta. Ilitoka kanisani ikashuka barabara kubwa ya katikati ya mji mpaka mzunguko wa barabara, ikipita mbele ya mafundi cherehani wa barazani. Mzee Salimu, fundi aliyeshona sare za kwaya yetu ingawa yeye alikuwa Mwislamu, alikuwa akisimama kila inapopita, mkono wake ukiwa bado kwenye gurudumu la cherehani. Watoto tulikimbia kutoka Pasua tukisikia besi tu. Hatukuuliza kuna nini. Bendi ilikuwa bendi.

Mwanzoni ilikuwa harusi, au mavuno, au wageni wa dayosisi. Kisha, polepole, nyuma ya bendi kukawa na gari dogo la wazi lenye jeneza, na ndugu wamekaa kandokando yake. Kwetu mtu hazikwi ugenini. Afie Dar es Salaam au Nairobi, ataletwa alale kwenye kihamba, shamba la ukoo wa baba yake, chini ya migomba. Basi kwaya ilisindikiza mwili kwa miguu kupita mjini, ikafika kwenye mzunguko, ikasimama na kupiga wimbo wa mwisho, ndipo magari yakapanda mlimani. Jumamosi baada ya Jumamosi. Na waliolala ndani ya majeneza walikuwa vijana.

Sisi watoto hatukuyaona hayo. Mimi niliona kwamba bendi, iliyokuwa ikitoka mara mojamoja, sasa ilitoka karibu kila wiki, na niliuona mji wetu kuwa mji wenye bahati. Ijumaa moja, vidole vikinuka limau, nilipiga magoti kitandani nikaomba kwa sauti: Bwana, kesho bendi itoke tena. Mama alikuwa nyuma ya pazia. Alikuja akanifunika shuka mpaka kidevuni.

"Omba mvua, mwanangu," alisema. "Wewe omba mvua tu."

Nilidhani ni kwa ajili ya migomba ya bibi kule Machame.

Elinami alikuwa ameshakwenda Dar es Salaam wakati huo, kuuza viatu vya mitumba. Tarumbeta lake lilibaki kwenye msumari juu ya kiti cha baba, na baba hakuruhusu mwingine alipige. "Mwenyewe yupo," alisema. Kila Desemba Elinami alirudi pamoja na Wachaga wote wa dunia, mji ukajaa mabasi na mizigo, na yeye akaingia na koti jipya na zawadi zangu, akachukua tarumbeta msumarini kabla hata ya kunywa maji.

Mwaka mmoja alirudi Julai.

Nilimwona akishuka kwenye teksi, jambo ambalo halikuwahi kutokea nyumbani kwetu, nikapiga kelele mpaka majirani wakatoka. "Krismasi imewahi! Krismasi imewahi!" Mama alinishika bega. Majirani walimsalimia Elinami kwa upole usio wa kawaida yao, kisha wakarudi ndani mmoja mmoja. Mchaga anayerudi nyumbani Julai, katikati ya baridi, hajaja sikukuu. Watu wazima wote wa mtaa walilijua hilo. Mimi niliona tu kwamba koti lake lilikuwa zuri, na kwamba lilikuwa kubwa mno.

Wakubwa walisema ni kifua. Nasi tukasema ni kifua. Mama alimpikia mtori wa ndizi, akamlisha kwa kijiko alipodhani siko. Elinami alinitania bado, lakini alipumzika katikati ya utani. Jambo alilolitaka lilikuwa moja, na alimwambia baba mbele yetu sote mezani: alitaka kupiga kwenye sikukuu ya mavuno.

Baba alitazama sahani yake. "Mji ni mrefu, Nami," alisema, akimwita kwa kifupi cha jina lake.

"Nimeutembea tangu utotoni, baba."

"Na wimbo una beti nyingi."

"Nitapiga ninazoziweza."

Baba akaondoka mezani. Tukadhani amekataa. Alirudi na tarumbeta la msumarini, akaliweka mbele ya mwanawe, akasema, "Ndeshi, tafuta limau."

Siku ya mavuno kwaya ilitembea mjini kuwaita watu waje kwenye mnada, maana kwetu watu huleta kanisani ndizi, kuku, mayai na maziwa, na vitu hivyo hunadiwa uani baada ya ibada. Ilikuwa siku ya vicheko. Jogoo wa mtu alikuwa ametoroka, akatangulia mbele ya kwaya nzima kama ndiye aliyealikwa kuiongoza. Mwalimu Eliakunda, kiongozi wetu, aliyekuwa mfupi na mkali, alijaribu kumfukuza kwa fimbo yake ya kuongozea, na watu wa barazani wakashangilia.

"Mwalimu, mwache! Anajua njia!"

"Mpe sare!"

Nilitembea pembeni ya Elinami. Alipiga ubeti wa kwanza, na niliona watu wakigeuka, kwa sababu sauti yake ilikuwa safi kama zamani. Kwenye wa pili nilisikia pumzi yake ikikatika, kama kitambaa kinachochanika. Kisha sikusikia kitu. Nilimtazama. Tarumbeta lilikuwa bado mdomoni, mashavu yamejaa, vidole vyake vinabonyeza vitufe kimoja baada ya kingine bila kukosea. Lakini hakuwa anapuliza. Wimbo uliendelea kwa wenzake, na yeye alitembea katikati yao, akiupiga kwa vidole.

Aliona kwamba nimeona. Tulipofika mbele ya Mzee Salimu, watu wakipiga makofi na kuita jina lake, aliinama kidogo, akanikonyeza.

"Usiwaambie," alisema.

Sikumwambia mtu. Niliibeba siri ile mpaka nyumbani kama yai, na nilifurahi kwamba mji mzima ulikuwa umedanganyika, na kwamba ni mimi tu niliyejua.

Desemba haikumkuta. Alilala asubuhi moja ya mvua za vuli, mama akiwa amemshika miguu ili ipate joto kidogo, na baba akiwa kazini. Sitaandika mengi kuhusu siku hiyo. Nakumbuka nilitoka nje nikakaa kizingitini, na kwamba mvua niliyokuwa nikiiomba ilikuwa inanyesha vizuri sana.

Jumamosi bendi ilitoka. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nyuma ya gari, si pembeni ya bendi, na mji ulionekana mwingine kutoka pale. Niliona kumbe watu hufunga milango ya maduka nusu. Niliona kina mama wa mitumba wakivua kofia walizokuwa wakiziuza, walizozivaa kwa ajili ya jua. Mzee Salimu alikuwa amesimama, na safari hii mkono haukuwa kwenye cherehani, ulikuwa kifuani.

Desturi ilikuwa mfiwa akae na wafiwa wenzake, asipige. Mwalimu Eliakunda alimwambia baba mlangoni mwa kanisa, kwa upole ambao sikujua kwamba anao, "Mzee mwenzangu, kaa na mama. Besi tutapata mtu."

"Nitakaa nikifika nyumbani," baba alisema. "Hapa mjini nina kazi."

Tulifika kwenye mzunguko. Kwaya ilisimama kwa duara, na magari yote yakasimama. Mwalimu aliinua fimbo. Wakaanza wimbo wa mwisho, na watu wakatazamana, kwa sababu haukuwa wimbo. Ilikuwa miguu ya wimbo chini ya pazia. Besi ya baba ilitembea chini, pu, pu, puu, sauti za kati zikajaza hapa na pale, na juu hapakuwa na kitu. Nikawatafuta wa sauti ya kwanza. Walikuwa palepale. Walikuwa wameinua matarumbeta yao midomoni, mashavu yamejaa, na vidole vyao vyote vilikuwa vinabonyeza. Hakuna aliyepuliza.

Naomba mnielewe, nilikuwa mtoto. Nilisikia besi ya baba peke yake na mdomo wangu ukafanya ulichozoea kufanya jioni.

"Ni ule wa jioni!" nikapaza sauti, mbele ya mji mzima. "Baba, ni ule wa jioni!"

Shangazi alinivuta mkono. Baba hakuteremsha besi, lakini aliitikia kwa kichwa mara moja, kama alivyofanya nyumbani nikipatia. Ndipo mama, ambaye hakuwa amefungua mdomo tangu asubuhi ile ya mvua, akaanza kuimba. Aliimba peke yake ubeti wa kwanza, kwa sauti nyembamba, akiweka wimbo mahali palipokuwa wazi. Kwenye wa pili kina mama wa mitumba wakamfuata, kisha barabara nzima, wanaojua maneno na wasiojua. Mzee Salimu hakujua maneno. Aliimba hivyohivyo.

Miaka mingi nilidhani watu wale wa sauti ya kwanza walikuwa wamechoka, au wamezidiwa na machozi. Nilikuwa tayari mtu mzima, nimesoma chuo cha Biblia, nimewekewa mikono kuwa mzee wa kanisa, siku nilipomuuliza baba. Alikuwa mzee sana, tumekaa Machame mbele ya kihamba, naye ana blanketi magotini.

"Siku ile ya mavuno," nilimwambia, "Nami hakuwa anapuliza. Alinikataza nisiseme."

Baba alicheka mpaka akakohoa. "Mwanangu. Wewe ulidhani tuko viziwi? Wenzake walimsikia tangu ubeti wa pili. Mwalimu aliwapa ishara, wakapandisha sauti, kila mtu akapuliza na sehemu yake. Ndiyo maana tulifika kanisani tunatokwa jasho kama punda." Akafuta macho kwa ncha ya blanketi. "Ilikuwa siku yake. Nani angemnyang'anya?"

Sikuwa mtunza siri peke yangu, basi. Na pale kwenye mzunguko walikuwa wamepiga kama alivyopiga yeye, kwa vidole tu, wakimwachia nafasi yake. Mji mzima uliokuwa ukipiga makofi pengine ulijua. Nimefundisha neema madarasani kwa miaka, nimeieleza kwa maneno ya vitabuni, na sidhani kama nimewahi kuieleza vizuri kama wale wanaume walivyoipuliza barabarani, nyuma ya jogoo.

Mama na baba sasa wamelala karibu na Elinami. Usiku naomba mvua, kama nilivyofundishwa. Na Jumamosi nikiwa nyumbani, nikisikia besi kwa mbali inashuka mjini, moyo wangu bado unaruka kwanza kama wa mtoto wa Pasua. Siukatazi. Nauacha uruke, namshukuru Mungu, kisha navaa viatu niende nikaulize ni mtoto wa nani.