Tungule ya Uzi wa Kijani

Harufu ya jani la tungule, nyanya kwa watu wa bara, haitoki upesi mkononi. Unanawa kwa sabuni, unajifuta, unakaa kula, na ukiinua tonge bado unaisikia, kali na mbichi, imeganda kwenye ncha za vidole pamoja na ule umanjano wake. Juzi nilikuwa nyuma ya nyumba yangu nafunga miche ya tungule kwenye vijiti, upepo wa kipupwe unanipiga shingoni, nikajikuta nimesimama na uzi mkononi nacheka peke yangu. Nitakwambieni sababu, lakini na nyinyi msinihukumu. Nilikuwa na miaka minane.

Tulikuwa tukikaa Mji Mkongwe, katika nyumba ya ghorofa mbili ya Bibi, mama yake baba, kwenye kichochoro chembamba hata jirani akikaanga pilipili sisi ndio tuliopiga chafya. Bibi alizaliwa kwenye shamba la mikarafuu la wazee wake, watu wenye asili ya Uarabuni, na shamba hilo siku hizo lilikuwa limebaki kwenye mazungumzo tu. Aliweza kukutajia kila mwembe wa huko na tabia yake, ingawa jembe hakuwahi kulishika maishani. Macho yake yalikuwa yameshaingia mtoto wa jicho. Kazi yake ilikuwa kushona kofia, akienda kwa kupapasa zaidi kuliko kuona, na kila alasiri mimi ndiye niliyemtungia uzi kwenye sindano.

Mama alikuwa mtu wa Jambiani, kijiji cha pwani. Alikuwa na miaka tisa katika nyumba ile, na bado alikuwa akiomba ruhusa ya kuhamisha chungu. Bibi hakumtesa, Mungu shahidi. Hakumpigia kelele wala hakumnyima kitu. Alimwita Mwanaidi, basi, na alipomtaja kwa wageni alisema "mke wa Saidi, yule wa shamba". Jirani yetu wa mkabala, Bi Nunuu, ambaye habari ikiingia sikioni mwake ilikuwa imeshafika sokoni Darajani, alikuwa akicheka na kusema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Baba alikuwa fundi wa mafriji mtaa wa Mlandege, mtu wa amani, yaani akiona wanawake wamenyamaza alidhani mambo ni mazuri.

Mwaka ule, masika yalipokuwa yakimalizika, Mama alirudi kutoka kwao na viroba viwili vya udongo, samadi ya mbuzi, na mwani uliotupwa na wanawake wa pwani, uliokaa mvuani hata ukatoka chumvi yote. Alivipandisha mwenyewe ngazi zote mpaka darini, juu ya paa la sakafu, akavijaza kwenye madebe ya mafuta yaliyotobolewa chini. Mbegu zilikuwa kwenye fundo la kanga yake. Mama yake alizikausha kutoka kwenye tungule za kwao, ambazo huota penye kiganja cha udongo katikati ya mawe.

Bibi aliposikia madebe yakiburutwa juu ya kichwa chake alimwita. Alimwambia kwamba sakafu ya chokaa haizai, kwamba maji yatapenya yaoze boriti, na kwamba yeye hakatai mtu kujifurahisha, lakini kipupwe kikipita bila ya kitu, madebe yashuke na darini pasipandwe tena. Mama alijibu, "Inshaallah, Bi Mkubwa," akarudi jikoni. Mimi nilimwona akikuna nazi siku ile. Aliikuna mpaka kwenye kifuu.

Basi nilijua kilichokuwa kikingojewa. Katika nyumba nzima Mama hakuwa na mahali pake ila pale penye madebe manane na upepo, na mahali hapo palikuwa pamewekewa siku ya mwisho.

Kipupwe ndio wakati wa tungule, Mama aliniambia, kwani jua la kiangazi huangusha maua. Watu wa mjini walikuwa wametoa masweta, Bibi amejifunika shali mbili, na miche yetu ilikuwa inanawiri kama imesikia habari njema. Mama alikuwa akiamka kabla ya adhana kuinywesha. Aliifunga kwenye vijiti kwa vitambaa vya kanga chakavu, akaondoa machipukizi ya pembeni kwa kucha, akaipa kivuli cha jamvi siku za jua kali. Sikupata kumwona akifanya kitu kwa uhakika kama ule. Chini alikuwa anatembea kama mtu aliyeazima nyumba, na juu alikuwa mwenyewe. Nilimpenda zaidi akiwa juu, na sioni haya kusema hivyo leo.

Maua yakaja, yakafunga matunda. Mwisho tungule moja, kwenye debe la pembeni, ikaanza kupata rangi. Mama alinichukua na kunifundisha sheria ya kwao. Tunda la mwanzo halili aliyepanda wala mtoto wake. Huliwa na mkubwa wa nyumba, akapiga bismillahi, ndipo wengine wakapata ruhusa. Huko ndiko kulimbua. Akitangulia mtu mwengine kulila, baraka hukimbia na mti hugoma. Tungule ile ingelimbuliwa na Bibi, siku ya Ijumaa, baada ya sala.

Jumatano nilirudi kutoka chuo cha Kurani nikapanda darini kumwagia maji. Ilikuwa nyekundu kabisa, ndogo, ya duara, ina mikunjo kama boga dogo, na jua la alasiri limeipasha moto. Niliinusa. Niliishika tu, nipime uzito wake. Wallahi sikuichuma, ilinibakia mkononi. Hapo bado nilikuwa na nafasi ya kushuka na kusema kweli. Wazee wanasema mvumilivu hula mbivu. Mimi niliila mbivu bila ya uvumilivu wowote, mara mbili za kutafuna, nimejiinamia nyuma ya tangi la maji, na kwa khofu sikuhisi hata ladha yake.

Halafu nikaliona tendo langu. Mti utagoma, madebe yatashuka, na Mama atakuwa wa shamba mpaka kufa kwake. Nikateremka jikoni, nikatwaa tungule moja katika kikapu cha sokoni, nikapita chumbani kwa Bibi, nikakata uzi wa kijani aliokuwa akishonea kofia. Nikaizungushia ile tungule kama mtu afungaye kifurushi, nikaining'iniza kwenye kikonyo chini ya jani kubwa. Nilirudi nyuma hatua tatu kuitazama, nikaridhika. Mtoto wa miaka minane huridhika upesi.

Siku mbili hizo nilijifanya naumwa na tumbo ili Mama asinipeleke juu, na ingawa alfajiri alinywesha gizani, mchana kila alipotaka kupanda nilitafuta la kumzuia. Alinistahimili. Ijumaa alikuwa ameshaandaa kisahani cha kumpelekea Bibi limbuko lake, Bibi akasema hataki kuletewa. Atapanda mwenyewe, akaone kwa macho yake. Bi Nunuu, aliyekuja kula, akasema naye hawezi kukosa.

Tulipanda polepole, Bibi mbele, Mama nyuma yake amemshika kiuno, Bi Nunuu akipumua kama pampu, na mimi mwisho. Darini upepo uliwapokea. Mama alisimama mlangoni akalikazia macho lile debe la pembeni. Hakuniangalia.

Bibi hakuiendea ile nyekundu kwanza. Alipita kutoka debe hadi debe, akipapasa. Mkono wake uliingia chini ya majani ukakuta vishada vya mbichi, kimoja, na kingine, na kingine, ukavishika kwa adabu na kuviacha. Alipolifikia debe la pembeni, Mama alikuwa ameushika upindo wa kanga. Bibi aliishika tungule yangu. Kidole gumba chake kikapita juu ya uzi mara moja, kikarudi, kama alivyokuwa akipima mshono. Kikasimama.

Bi Nunuu aliuliza kama imeiva au vipi.

Bibi alimgeuzia mgongo. Nilisikia kucha yake ikikata, "tik", na alipotoa mkono wa kushoto alikuwa ameufumba. Akasema "Bismillahi," akaing'ata. Maji yake yakamteremka kidevuni. Alitafuna mpaka akamaliza, sisi sote tunangoja.

"Mwanaidi mwanangu," alisema, "hawa wazee wangu walikuwa na watu mia wa kuwalimia. Wewe umelima peke yako juu ya chokaa. Madebe haya yasishuke. Ongeza mengine."

Mwanangu. Hakuwahi kumwita hivyo. Mama alijifunika uso kwa kanga, na Bi Nunuu akaishika njia ya ngazi, habari imeshamwasha ulimi. Mimi nilimshukuru Mungu kwa mtoto wa jicho.

Alasiri ile Bibi aliniita. "Naam, Bibi," nikaenda, nikamtungia uzi kama kawaida. Safari hii hakunipa ruhusa ya kuondoka. Aliniambia nikae, akashika vidole vyangu, akaniambia fundo langu limelegea. "Zungusha mara mbili, kisha upitishe kichwa chini, uvute. Uzi wa kofia haubebi kitu kizito." Nilimuuliza kofia ina uzito gani. Akasema, "Ipo siku utafunga kitu kizito. Kanawe mikono sasa, inanuka majani." Nilinawa, nikaenda kucheza, nafsi yangu imetulia kabisa.

Baada ya siku chache tungule ya pili iliiva. Mama aliniletea mimi, nzima, kwenye kile kisahani, pamoja na chumvi na kipande cha ndimu. Nilidhani ni zawadi ya kumwagilia maji. Niliila taratibu, na utamu wake ninao mpaka leo.

Bibi alifariki nikiwa msichana mkubwa, na darini kulikuwa na madebe thelathini. Sikumwambia mtu siri yangu mpaka nilipopata nyumba yangu na madebe yangu. Mama alikuja kuyatazama, nikakiri kwake kila kitu, nikitaraji atashangaa. Alicheka mpaka akakaa chini. Tungule ya sokoni ilikuwa ndefu na laini, akasema, na zake za duara zenye mikunjo. Aliijua tangu mlangoni. Alikuwa karibu kusema kweli pale pale mbele ya Bi Nunuu, ila neno lile "mwanangu" lilimziba kinywa.

Lakini halikumkaa vizuri kupokea sifa ya tungule isiyokuwa yake. Ile ya pili ilipoiva alimpelekea Bibi chumbani, peke yao, akamwomba radhi na akamwambia hii ndiyo ya kweli, ailimbue. Bibi hakuinua uso kwenye kofia yake.

"Mimi nshalimbua, mwanangu," alimwambia. "Nlizishika zile mbichi. Hii mpe mtoto. Ile ya mwanzo kaila kwa khofu, hakuijua tamu yake."

Mama alinisimulia hayo nikiwa na uzi mkononi. Niliinama nikaendelea na kazi yangu, kuifunga miche kwenye vijiti. Nilizungusha mara mbili, nikapitisha kichwa chini, nikavuta.