Chungu cha Dawa ya Mama

Mama yangu ana kisukari cha kuchoma sindano, na nyumbani kwake Machochwe hakuna friji ya kuwekea dawa yake. Muuguzi wa kituo cha afya ndiye aliyetufundisha habari ya chungu. Unaweka chungu kidogo ndani ya kikubwa, katikati unajaza mchanga, na mchanga unauloweka asubuhi na jioni. Unafunika kwa kitambaa chenye maji, na chungu unakiweka kivulini penye upepo. Maji yanapenya udongo taratibu na kukauka, na yakikauka yanaondoka na joto. Dawa inabaki ndani, kwenye ubaridi.

Mama hakuamini hata kidogo. "Yaani maji yanapotea, halafu wewe unaniambia yamefanya kazi?" Nikamuuliza akitoka shambani na jasho lake, upepo ukimpiga anasikiaje. Kesho yake alitia mkono ndani ya chungu, akakiri kwamba ni baridi, tena kwa shingo upande. Akaanza kukitunza vizuri, nami nikarudi Turwa kwenye cherehani yangu nikiwa na amani.

Kikaja kiangazi kile ambacho mvua ilisahau njia. Siku moja jirani yake akanipigia simu. "Dada, njoo umwone mama. Anakunywa maji mpaka tunashangaa, na kila saa yuko njia ya chooni. Amekonda." Nilifunga kazi za watu nikapanda bodaboda. Mimi nina mdomo, sikatai, na njia nzima nilikuwa nagombana na mama kichwani.

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, midomo imepasuka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja na kelele zako?"

Sauti yenyewe ilikuwa ndogo, ndiyo iliyonitisha. Nikaenda moja kwa moja kwenye chungu. Mchanga ulikuwa mkavu kabisa, ukipuliza unaruka. Kichupa cha dawa kilikuwa na joto, utadhani kimetoka mfukoni mwa mtu.

Kwenye kituo cha afya walimlaza, wakamtundikia dripu na kumpa dawa nyingine isiyoharibika. Muuguzi yuleyule alinieleza polepole. Dawa ikipata joto siku nyingi inapoteza nguvu. Mama alikuwa anajichoma kila siku bila kukosa, lakini haikumsaidia. Sukari ikajaa kwenye damu, na mwili ukawa unaitoa kwa mkojo. Sasa sukari haitoki peke yake, inatoka imeyeyuka kwenye maji. Ndiyo maana alikuwa anakunywa na bado anakauka. "Mngechelewa kidogo," akasema, akaishia hapo.

Mchana mama akafumbua macho vizuri. Nikamuuliza maji ya mchanga alikuwa anayapeleka wapi.

"Nilimpa ng'ombe."

Kwetu ng'ombe hunywa kwanza. Mtu hawezi kuinua kikombe wakati ng'ombe analia zizini. Hata mtoto mdogo analijua hilo. Lambo lilikuwa limebaki tope, na maji yalikuja kwa madumu mgongoni mwa punda, tena kwa kubahatisha.

"Chungu hakina roho," mama akasema. "Ng'ombe ana roho. Nimwage maji mchangani huku kiumbe ananitazama?"

Nikawaka. Nilimwambia chungu kikinywa ni yeye anayekunywa, na kikikauka ni yeye anayekauka. Nilimwambia huyo ng'ombe nampeleka mnadani, tena mnada huu unaokuja, na asije mtu kunibembeleza. Mgonjwa wa kitanda cha pili akageukia ukutani. Mama aliniacha nimalize, macho yake yakifuata matone ya dripu.

"Ng'ombe wa mahari yako waliisha," akasema. "Wengine baba yako aliwauza, wengine wakatumika kuwaolea kaka zako. Huyu ni mjukuu wa yule mweupe wa mahari yako. Amebaki peke yake. Jioni nikimwona ameshiba maji, nasema, haya, binti yangu naye huko kwake hajambo."

Miaka yote hiyo nilijua mama anafuga ng'ombe. Sikujua kwamba ananifuga mimi. Nikalia palepale, mtu mzima mimi, mbele ya wagonjwa. Mama akanyoosha mkono usio na sindano, akanifuta.

"Acha kumwaga maji, na kiangazi hiki," akasema. "Sitarudia. Ng'ombe atakunywa, chungu kitakunywa, na mimi nitakunywa."

"Wewe na chungu kwanza, mama. Ng'ombe baadaye."

Alifumba macho. Nikasubiri aniambie sawa, na hakuniambia.