Daftari Nililoficha Kwenye Sanduku la Nekesa

Hii aibu nimeikalia tangu shule zifunguliwe, na kama si kwamba watu wa kanisa letu hapa Kapsoya wameshaisimulia kwa njia yao, singefungua mdomo. Basi afadhali muisikie kwangu.

Mnajua mke wangu alituacha mwaka jana, nikabaki na binti yetu mmoja, Nekesa, wa miaka kumi na tano, ambaye tangu mazishi alikuwa ananijibu ndiyo na hapana tu. Likizo ya Agosti nikamkuta sebuleni anatazama katuni za Kijapani kwa simu yangu, zile wanaita anime, na mimi (msicheke) ndiye nilikuwa nimesimama kwa mkutano wa wazazi muhula uliopita, kama mzee wa kanisa, nikasema hizo katuni zinaharibu watoto wetu na shule izipige marufuku, nikapigiwa makofi, na kweli shule ikazipiga marufuku, hata michoro yake. Nilitaka kumnyang'anya simu. Lakini ilikuwa hadithi ya msichana anayetengeneza miavuli na baba yake baada ya mama kufa, na kabla sijasema kitu ile sehemu ikaisha, nikajikuta namwuliza, sasa huyo baba ameenda wapi? Nekesa akasogea, akanipa nafasi kwenye kochi.

Tukatazama likizo nzima. Nikitoka kazini (mimi ni karani kwa stoo ya mahindi) nakuta chai iko tayari na yeye ananingoja, ananieleza nani ni nani, ananicheka nikikosea majina. Akaanza kuchora. Alijaza daftari zima, na ukurasa wa mwisho akamchora mama yake, na yale macho makubwa ya katuni, na kile kitambaa chake cha kichwa. Nilienda nje nikajifanya naangalia tangi la maji.

Asubuhi ya kurudi shule, kila kitu kimeshafungwa, nikaona daftari limebaki juu ya meza. Nikafikiri amelisahau. Hapo ndipo nilijiharibia, maana nililitia chini kabisa ya sanduku lake, chini ya shuka, bila kumwambia, huku najua sheria ya shule (si niliiomba mwenyewe?), nikiwaza tu vile atafurahi akilipata huko.

Shule yake iko upande wa Moi's Bridge. Tulikuta foleni ndefu ya wazazi, na matroni amekaa kwa meza uwanjani anapekua masanduku moja moja. Alipoinua shuka, daftari likatoka. Nekesa alishtuka kweli. Akasema amelichora yeye lakini hakulileta. Matroni akamwuliza kama limejileta lenyewe kwa miguu, watu wakacheka, akamwambia apige magoti hapo kwa nyasi kwa sababu ya uongo.

Nami nilikuwa hatua mbili kutoka hapo, nimebeba ndoo na godoro. Nyuma yangu walisimama akina mama wawili wa kanisa letu, mmoja akaniambia pole Mzee, ndio watoto wa siku hizi. Na mimi, Mungu anisamehe, nikatikisa kichwa, kama mtu aliyesikitishwa na mtoto wake.

Nekesa aliniona nikitikisa. Hakulia. Aliinamisha tu uso.

Matroni alipoanza kuandika barua ya kumrudisha nyumbani wiki mbili, ndipo nikasema, "Ni mimi nimeliweka."

Akaniambia kwa upole nisimtetee mtoto, wazazi ndio tunawaharibu hivyo. Nikarudia, sasa kwa sauti, nikaona bado haamini, basi nikachukua lile daftari nikaanza kumwonyesha, huyu ni msichana wa miavuli, huyu ni baba yake, hapa mvua imewapata sokoni, na watu wanasogea kusikia, simu zimeinuliwa, ndoo imeniponyoka sabuni zimetawanyika, mzee mzima nasimulia katuni shuleni, hadi nikafika ukurasa wa mwisho, nikasema "na huyu," nikashindwa kumaliza. Nililia mbele ya foleni nzima vile sikulia hata makaburini.

Matroni akamwinua Nekesa, na barua akaichana. Lakini daftari alilitia kwenye katoni ya vitu vya kuchomwa, kwa sababu sheria ni sheria, na sheria yenyewe ni mimi niliipigania, sikuwa na uso wa kumwomba.

Nilimsindikiza Nekesa hadi mlango wa bweni.

"Baba, sikuwa nimelisahau," akasema. "Nilikuachia wewe. Nilisema ukikaa peke yako uwe na kitu cha kuangalia."

Nikamwambia sikujua.

"Hiyo hukujua. Lakini ulijua ni wewe uliliweka, na ukatikisa kichwa."

Akachukua ndoo, akaingia.

Video imezunguka, najua, na wanaocheka wacheke. Kuficha kitu kwa sanduku la mtoto sitarudia, hilo ni rahisi kuapa. Lile lingine, la kunyamaza mtoto wangu akipigishwa magoti kwa kosa langu, nimeliapa pia, lakini kuapa mbele yenu haitoshi. Ninangoja siku ya kutembelea wanafunzi nimwapie yeye mwenyewe, kama atakubali kutoka bwenini kuniona.