Shemeji Aliyetufundisha Neno "Social" Msibani

Leo shemeji yangu amenawa mikono mbele ya waombolezaji wote na hakuna aliyempa chakula. Sina huruma hata chembe.

Tulikuwa Malangali, tunamzika mzee jirani yetu.

Shemeji, huyu aliyemuoa dada yangu, karudi juzi kutoka Kongo na Kifaransa chake. Tangu asubuhi amekaa kwenye kiti, wazee wamesimama, anatufundisha neno moja: social.

"Ni neno la mambo ya jamii. Ila kule wakikuita wewe social, wamekusifu! Maana yake una moyo wa watu, humpiti mwenye shida. Kama mimi."

Kama mimi! 😡

Nikampa jembe. "Shemeji, twende tukachimbe kaburi."

Akaangalia viatu vyake. Akasema atabaki kuwafariji wafiwa.

Haya. Tukachimba, na upepo wa huku mnaujua. Tukazika.

Tunarudi, ugali na maharage tayari. Wa kwanza kunawa? Mwalimu wetu.

Shangazi anayegawa chakula akampita na sahani.

"Subiri kwanza, baba. Hapa wanaanza waliochimba."

Mikono inamchuruzika maji, hajui aiweke wapi.

Sasa dada kaninunia, eti nilipaswa kumtetea mumewe. Nimtetee kwa lipi? Hebu semeni.

Na wewe shemeji, najua unasoma hapa. Siku ukifiwa, tutakuja. Wote, na majembe yetu. Na hatutakufundisha neno lolote.