Bunduki ya Mlinzi wa Koboko

Nilipostaafu jeshini nilirudi kwetu Arua, kaskazini mwa Uganda, na ufundi mmoja mikononi: kutengeneza bunduki. Miaka yangu yote ya utumishi niliipitisha karakanani, nikifungua, nikisafisha na kurekebisha silaha za wenzangu. Kwa hiyo niliamua kufungua karakana yangu mwenyewe, niwahudumie walinzi wa makampuni na raia wachache wenye leseni.

Mama yangu, kule kijijini Ayivu, hakutaka kusikia.

"Sisi tulikimbilia Kongo kwa sababu ya bunduki," aliniambia huku akimenya mihogo. "Leo wewe unataka kuzileta nyumbani?"

"Sizileti nyumbani, mama. Nitapanga chumba mjini, karibu na polisi. Na bunduki isiyo na kibali haitapita mlangoni kwangu."

Aliendelea kumenya. Sikumlaumu, lakini nia sikuibadili.

Kibali cha kazi hiyo hakitoki haraka. Polisi walikuja kukagua chumba, wakataka mlango wa chuma, wakataka nondo dirishani, kisha kabati la chuma lililoshikizwa ukutani kwa saruji. Niliyafanya yote. Wakati wa kungoja nilifunga mezani jiliwa langu la kubania vyuma, nikapanga tupa zangu, nikawa natengeneza cherehani za washonaji wa sokoni. Mkono ukikaa bure unasahau kazi.

Kibali kilipotoka, niliwapigia simu wasimamizi wa kampuni za ulinzi. Wengi walicheka waliposikia sauti ya mwanamke. Mmoja wa Koboko, mji wa mpakani, hakucheka. Alisema bunduki zake zinakwama, niende nizione.

Nilifika Koboko asubuhi, soko limejaa wafanyabiashara wa Kongo na Sudan Kusini. Msimamizi alikuwa kijana nadhifu mwenye haraka. Aliwaita walinzi wake, na wa kwanza kuja alikuwa mzee mwenye mvi. Alinikabidhi bunduki yake ya marisawa, ile ya kutawanya vigololi, kwa mikono miwili, kama anayemkabidhi daktari mtoto mgonjwa. Kitako cha bunduki kilikuwa kimezungushiwa mpira wa baiskeli.

"Mama, hii iko muzuri," alisema upesi. "Iko nasumbua kidogo tu."

Nilihakikisha haina risasi, nikaifungua, nikauelekeza mtutu kwenye mwanga. Ndani kulikuwa na kivuli cha mviringo kisichotakiwa kuwepo. Nikapapasa nje kwa vidole, nikakuta uvimbe mdogo, na pembeni yake ufa mwembamba kama unywele.

"Hii haitengenezeki," nilimwambia msimamizi. "Siku akiipiga, itapasukia mikononi mwake."

"Paka mafuta tu, mama. Hajawahi kuipiga. Wezi wakiiona tu wanakimbia."

"Basi mpe fimbo. Fimbo haitamkata vidole."

Walinzi wakaangua kicheko. Msimamizi alikunja uso, akasema atatafuta fundi mwingine. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza na nilikuwa karibu kuipoteza, ila nilijua nilichokiona. Nikamwomba mkono wake, nikaweka kidole chake juu ya ule ufa. Akapapasa, akarudia, akaiweka bunduki kando.

Yule mzee akasema kwa sauti ya chini, "Bila bunduki hakuna kazi. Na mimi iko na watoto ya shule."

"Kazi utabaki nayo," msimamizi alimjibu. Kisha akanigeukia. Ghalani kulikuwa na bunduki nyingine iliyovunjika kitako, je, ningeweza kuifufua?

Hiyo niliiweza. Askari wa polisi walinisindikiza nayo hadi Arua, na nikachonga kitako kipya kwa mti wa mvule. Nilipima kwa kukumbuka mabega ya mzee, yaliyokuwa membamba, nikakifanya kifupi kuliko kawaida. Nilikisugua kwa msasa hadi kikateleza mkononi, nikakinywesha mafuta.

Tuliijaribu kwenye uwanja wa shabaha wa polisi. Nilitangulia kuipiga mwenyewe, kisha nikampa mzee. Alisimama sawasawa, akavuta pumzi, akafyatua. Kopo lililokuwa juu ya tuta likaruka.

"Sasa hii ndiyo bunduki!" alisema, na akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Msimamizi hakucheka, lakini jioni ile aliagiza bunduki zake zote ziletwe kwangu.